KUKOKOTA CHAMBO NYUMA YA MTUMBWI
Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanaushirika, Isingiro



Maneno haya tuliyasema kwa mdomo kwenye mkutano. Wengi hawakufika, wengine walikuwa kwenye kahawa, wengine msibani, basi tumeombwa tuyaandike na kuyabandika hapa ukutani ili kila mtu asome kwa nafasi yake. Asiyeona vizuri na asomewe na mtoto. Tumeyaandika kama tulivyoyasema, mtatusamehe pale mdomo ulipoishinda kalamu.

Jambo lenyewe mnalijua. Kikundi cha vijana wetu wa uvuvi kimeleta barua ya kuomba mkopo wa ushirika. Wanataka injini na nyavu waende ziwani, Ziwa Victoria, wakavue sangara. Barua imeandikwa vizuri, hesabu zimepangwa, na hatuna ubaya nayo. Lakini sisi tulisema, na tunarudia, kwamba tusikate shauri kabla ya kukumbushana deni la nyuma.

Mwaka ule tulitoa fedha za kahawa tukanunua nyavu. Mwuzaji alituambia ni nyavu nyepesi, hazionekani majini, samaki haoni kitu mpaka amenasa. Tukafurahi. Kumbe ni timba, nyavu zilizopigwa marufuku. Mwaka 2018 msako ulipopita kwenye mialo, nyavu zetu zikateketezwa kwa moto pale ufukweni, na vijana wakarudi nyumbani juu ya lori la ndizi wakiwa hawana hata shuka. Deni tulilipa sote. Kuna wajane hapa kijijini walikatwa fedha ya debe la kahawa kwa sababu ya sangara ambaye hawajapata kumwonja. Hatumlaumu mtu mwingine. Waliotia sahihi ni sisi viongozi, na hatukuuliza swali hata moja.

Hivyo basi safari hii tuliamua kwenda kuangalia kwa macho yetu. Tulikwenda sisi na vijana watatu wa kikundi, tukapitia Omurushaka na Kyaka mpaka Bukoba, na kutoka hapo tukafika kwenye mwalo mmoja, tukakaa siku nne. Hatukubeba wavu. Tulikwenda kujifunza uvuvi wa kukokota chambo, maana tulisikia kuna mzee pale anayevua hivyo, na kwamba hata siku ya msako yeye hunywa chai yake bila wasiwasi.

Sasa tueleze kazi yenyewe.

Kukokota ni hivi: mtumbwi unakwenda, nyuma yake unavuta nailoni ndefu, na mwisho wa nailoni kuna kitu chenye ndoano kinachojifanya samaki mdogo. Sangara anaona kitu kinakimbia, kinayumba kama mgonjwa, anakifuata na kukimeza. Ni ulaghai tu. Sisi wa Kagera tunauelewa haraka, maana senene nao tunawadanganya kwa taa. Tofauti ni kwamba senene anaifuata taa mwenyewe, bali sangara ni lazima umpelekee uongo wako mpaka mlangoni.

Ujanja huu si wa ziwa letu peke yake. Kule pwani wavuvi wa ngalawa hukokota chambo kwa tanga wakitafuta nguru na jodari. Na huko Marekani na Kanada, kwenye maziwa ya maji ya baridi, kuna samaki wa jamii ya trauti anayekaa chini sana wakati wa joto. Kumfikia, watu wanateremsha risasi nzito kwa waya, na chambo kinafungwa kwenye ule waya kwa kibanio kinachofyatuka samaki akiuma. Yule mzee wa mwalo hakupata kufika Marekani, lakini anafanya hivyo hivyo kwa jiwe! Anafunga jiwe la ukubwa wa ngumi kwenye nailoni yake, kwa uzi dhaifu wa kushonea. Jiwe linazamisha chambo. Samaki akivuta kwa nguvu uzi unakatika, jiwe linabaki ziwani, na mvuvi anapigana na samaki peke yake bila uzito mwingine. Jiwe halinunuliwi.

Chambo. Yako makundi mawili, na vijana wameyaweka yote kwenye meza ya ofisi, mje mwone.

La kwanza ni kijiko. Kweli kabisa ni kijiko cha kulia, kimekatwa mpini, kimetobolewa huku na huku. Tundu la mbele linafungwa nailoni, la nyuma linatiwa ndoano. Kikivutwa kinapepesuka na kumetameta kama tumbo la samaki mdogo. Ukikisugua kwa majivu kinang'aa zaidi. Ubaya wa kijiko ni kwamba ukienda kasi kinapanda juu, ukienda taratibu kinazama, na ukisimama kinakwenda moja kwa moja chini kwenye mawe. Tulipoteza viwili siku ya kwanza kwa kusimama kupiga soga.

La pili ni samaki wa kuchonga. Anachongwa kwa mti mwepesi mkavu, au kwa kandambili zilizochakaa, zile nene. Mwili wake hauzidi urefu wa kiganja. Chini ya kidevu anawekwa ulimi wa bati au wa plastiki ya dumu. Hapo ndipo penye elimu. Ulimi ukisimama wima, samaki huyu anacheza karibu na uso wa maji. Ulimi ukilala mbele na ukiwa mrefu, anachimba chini. Ukipinda kidogo upande mmoja, anakwenda kombo na kujisokota, hafai mpaka unyooshwe. Uzuri wake ni kwamba anaelea, basi mtumbwi ukisimama anapanda juu mwenyewe na hanasi kwenye mawe. Vijana walichonga wanne. Wawili waliogelea vizuri, mmoja alilala ubavu kama mlevi, na wa nne aligeuza tumbo juu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee akatuambia tuwajaribu kwanza kwenye maji mafupi karibu na mwalo, tuwaone kwa macho wakiogelea, ndipo tuwapeleke mbali. Hatukumsikiliza siku ya kwanza. Tulipiga kasia saa tatu nzima tukikokota yule mlevi.

Rangi tulibishana sana. Ziwa siku hizi si jeupe kama wazee wanavyolikumbuka, maji yana ukijani na tope, hasa baada ya mvua. Mzee anapaka mgongo mweusi, tumbo jeupe, na alama nyekundu shingoni. Anasema kwenye maji machafu samaki hutafuta kivuli na mtikisiko kuliko rangi. Hilo lina ukweli, kwa maana samaki ana mstari ubavuni unaohisi maji yakitikisika. Tena macho ya sangara yanang'aa gizani kama ya paka, anaona kwenye mwanga hafifu. Hivyo saa nzuri ni alfajiri na jioni kabla ya giza.

Urefu wa nailoni. Hapa ndugu zetu wa kisomo mtege sikio. Mzee yule ana nailoni iliyofungwa nyuzi za rangi kila baada ya hatua kumi. Uzi mwekundu ni kumi, mweusi ishirini, na kuendelea. Akiachia anahesabu. Samaki akiuma anajua aliumia kwenye alama gani, na safari ya pili anarudisha chambo pale pale. Nailoni ikiwa ndefu zaidi na nyembamba zaidi, yule samaki wa kuchonga anachimba chini zaidi, ikiwa fupi na nene anabaki juu. Mtu asiyehesabu anavua kwa bahati, na bahati haiandikwi kwenye daftari.

Daftari analo pia. Tulishangaa. Ni daftari la shule, limeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, kama sisi. Tarehe, saa, upepo umetoka wapi, chambo kipi, hatua ngapi, karibu na jiwe gani, samaki wangapi. Kijana wetu mmoja alimwuliza, "Taata, yote haya ya nini, si unakumbuka tu?" Mzee akamjibu, "Mwanangu, nakumbuka siku nilizopata. Siku nilizokosa ndizo ninazoziandika."

Mwendo. Ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, si zaidi. Kwa kasia ni afadhali kuliko injini, maana kasia linavuta na kuachia, linavuta na kuachia, na chambo nacho kinakimbia na kupumzika kama kitu kilicho hai. Mara nyingi samaki aliuma pale tulipoanza tena kupiga kasia baada ya kupumzika. Na usiende njia iliyonyooka. Nenda kama nyoka. Ukikata kona huku unavuta nailoni mbili, ile ya upande wa nje inakwenda kasi, ya ndani inapunguza. Ukiona ya ndani ndiyo inayoumwa, jua siku hiyo wanataka polepole. Hiyo ni njia ya kumwuliza samaki naye akujibu.

Nailoni ishikwe kwa kidole, isifungwe tu kwenye mtumbwi. Kidole kinasikia chambo kikitetemeka. Mtetemeko ukikoma, chambo kimebeba magugu maji, kivute ukisafishe. Magugu haya mengine yanashuka kwa mto wetu wenyewe wa Kagera mpaka ziwani, kwa hiyo tusiwalaumu sana watu wa Bukoba.

Mahali. Sangara mkubwa hupenda kona za miamba, ncha za visiwa, na pale ambapo maji mafupi yanaanguka ghafla kuwa marefu. Anakaa pembeni akingoja furu na dagaa wapite. Hula uduvi pia, na hula watoto wa sangara wenzake bila aibu. Jambo jingine tulilojifunza ni habari ya hewa ndani ya maji. Miezi ya mvua na joto ziwa hujipanga kwa tabaka, la chini linakosa hewa, na samaki hukimbia kutoka huko. Kukokota chini sana wakati huo ni kumkokotea shetani. Mnamo mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa kusini huyachanganya maji, hewa hushuka, na samaki hutawanyika. Basi yule mwenye nailoni ya alama ndiye atakayewafuata.

Akiuma, usivute kwa hasira. Sangara huruka juu ya maji na kutikisa kichwa ili aiteme ndoano, au hukimbilia mawe na kusugua nailoni. Meno yake ni kama msasa, kwa hiyo kile kipande cha mwisho karibu na ndoano kiwe nailoni nene. Mwache akimbie huku umeibana, akichoka mvute, akikimbia tena mwache. Na usimshike kwa kuingiza mkono kwenye mashavu, mfuniko wa shavu lake unakata kama wembe. Kijana wetu mmoja amerudi na vidole vitatu vimefungwa kitambaa, mwulizeni.

Sasa matokeo, maana tusije tukaonekana tunapamba. Siku ya kwanza hatukupata kitu. Siku ya pili tulipata sangara mmoja. Kasia la mzee limekatwa alama ya sentimita 50, tukampima, hakufika. Sheria inasema aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe. Ndugu zangu, tulikuwa hatujala samaki tangu tufike. Vijana walinung'unika, na tukubali kwamba hata sisi moyoni tulinung'unika nao. Tulimrudisha majini. Akasimama kidogo pembeni ya mtumbwi kama anayefikiri, kisha akaondoka.

Hapo ndipo tulipoelewa tofauti na timba. Timba haiulizi umri. Inabeba mkubwa na mdogo, na wakiwa ndani wameshakufa, hata ukiwa na huruma huna wa kumrudisha. Ndoano ya kukokota inakuletea mmoja mmoja akiwa hai, na wewe unaamua. Lakini angalia, samaki aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufika juu tumbo limevimba hewa, ukimrudisha anaelea na kufa. Kwa hiyo, mahali penye wadogo wengi, kokota juu juu.

Siku ya tatu tulipata wawili wa halali na mmoja mkubwa alikata nailoni. Siku ya nne watatu. Jumla watano wa kula na kuuza, kwa watu wanne na mzee wetu, siku nne. Hiyo hailipi deni la injini. Mzee mwenyewe haishi kwa kukokota peke yake. Anategesha pia kamba yenye ndoano nyingi, ile wanayoita migonzo, na kukokota ni njiani anapokwenda kuitega na anaporudi. Safari ile ile, kasia lile lile, faida mbili. Hilo ndilo lililotuingia akilini.

Kuna mmoja atauliza, na kwenye mkutano aliuliza kweli, kwamba sangara wenyewe ni wageni waliotiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, wakamaliza aina nyingi za furu, kwa nini tuwaonee huruma? Swali ni zuri. Huko Marekani iko hifadhi ya Yellowstone, na mwaka 1994 iligundulika kwamba yule trauti wa maziwa tuliyemtaja ametiwa kwenye ziwa lao na anakula samaki wa asili. Wao wameamua kila anayevuliwa auawe, asirudishwe. Wanaweza, kwa sababu hakuna kijiji kinachomtegemea kwa ugali. Kwetu mambo yamekwisha kuwa mengine. Mialo, viwanda vya minofu, mabondo yanayosafirishwa ng'ambo, ada za watoto, vyote vimekaa mgongoni kwa sangara. Na wale wakubwa wanaotafutwa kwa ajili ya mabondo wengi wao ni majike, ndio wazazi wenyewe.

Wala tusiseme hatujapata kuona samaki akiisha. Wazee waulizwe habari za ningu, samaki aliyekuwa akipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Nyavu zilitandazwa kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani, wakakamatwa wakiwa na mayai tumboni, mwaka baada ya mwaka. Leo mtoto wa hapa ukimtajia ningu anadhani ni jina la mtu.

Tahadhari chache. Mtu asichukue chambo hizi akaenda kujaribia ndani ya hifadhi. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni Hifadhi za Taifa tangu mwaka 2019, na kuvua humo bila kibali ni kosa. Ziwani nako kunatakiwa leseni ya mvuvi na chombo kiandikishwe, na kila mwalo una kikundi chake cha ulinzi, BMU, mfike kwao kwanza mjitambulishe. Kagera yetu ina mamba na viboko, mtumbwi mdogo si mahali pa majaribio. Na jaketi la kuokolea maisha si pambo. Sisi watu wa mkoa huu tangu ile Mei ya mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama, hatuhitaji kuelezwa maji ni kitu gani. Kijana atakayekataa kuvaa eti linabana, jina lake litafutwa kwenye kikundi, na tumesema hivyo mbele ya baba yake.

Basi shauri letu ni hili, nanyi mtalipinga au mtalikubali. Injini isinunuliwe mwaka huu. Ushirika utoe fedha ya mtumbwi mmoja wa makasia, nailoni, ndoano kubwa za migonzo, majaketi manne, na leseni. Nyavu hapana, hata zikiwa za halali, mpaka deni la kwanza liishe na tuone daftari la msimu mzima, zile siku za kukosa zikiwa zimeandikwa pia. Wenye kikundi wamenung'unika kwamba kwa makasia watafika wapi. Huenda wana haki. Mama mmoja mjane naye alisimama akasema yeye hataki mtumbwi wala injini, anataka arudishiwe fedha yake ya debe. Hatukuwa na jibu la kumpa. Jina lake tumeliandika la kwanza kwenye orodha ya watakaolipwa samaki wakianza kuuzwa, lakini yeye alisema orodha haipikwi.

Kura itapigwa kwenye mkutano ujao wa ushirika, Jumamosi baada ya soko. Kila mwanachama aje na kadi yake. Mwenye kijiko kilichovunjika mpini au kandambili nene zilizochakaa azilete ofisini kabla ya siku hiyo, vijana wanazihitaji kwa kuchonga.

Katibu wa Tawi